Je, nikate au nipanue mtutu wa bunduki yangu ya kushindilia ili ifae kwa uwindaji?

Mshindiliaji aliuliza:

Waungwana, ninawasalimu na ninaomba ushauri wenu kabla sijapeleka chuma kwenye msumeno. Ninamiliki kwa kibali bunduki ya kushindilia, yaani inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ya mtindo wa zamani, ya fataki, yenye mtutu wa pembe nane uliochongwa mifuo ndani. Kipenyo chake ni inchi 0.50, yaani milimita 12.7, na urefu wa mtutu ni inchi 32. Mtutu hutoka kwenye mbao kwa kuchomoa kabari moja tu, kwa hiyo kuufikia si kazi.

Kwa miaka kadhaa nimeitumia kwa shabaha za karatasi peke yake. Sasa nimepata nafasi halali ya kuwinda katika msimu uliotengwa kwa bunduki za aina hii, na sitaki kuingia porini na silaha nisiyoiamini. Nikitumia risasi za duara zilizofungwa kiraka, yaani kipande kidogo cha kitambaa, matundu matano hutawanyika kiasi cha sentimita 20 katika mita 50. Rafiki yangu alinishauri niache risasi za duara kwa kuwa ni nyepesi mno, akanipa risasi ndefu za gramu 24. Hizo zimeniletea balaa zaidi, kwani hutawanyika kuliko zile za duara, na baadhi ya matundu kwenye karatasi si mviringo bali ni marefu kama tundu la ufunguo.

Nimefikiria mambo matatu. La kwanza ni kukata inchi 8 za mbele ili bunduki iwe nyepesi na isikwame vichakani. La pili ni kuupanua mtutu hadi inchi 0.54 ili nitumie risasi ya duara iliyo nzito zaidi. La tatu ni kuuacha ulivyo na kutafuta baruti au risasi nyingine. Nianze na lipi?

FundiTupa alijibu:

Ndugu Mshindiliaji, umefanya vyema kuuliza mapema, maana mtutu ukishakatwa hakuna fundi atakayekurudishia kilichoanguka chini. Mimi nimetengeneza bunduki za aina hii kwa muda mrefu, na wengi walioniletea mitutu ya kukata hawakuwa na ugonjwa ulio kwenye urefu.

Nianze na yale matundu marefu, kwa sababu yanatoa ushahidi ulio wazi. Tundu la namna hiyo maana yake risasi imeifikia karatasi ikiwa imelala ubavu, yaani imepoteza mwelekeo angani na kuanza kupinduka. Risasi ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi ili isimame wima kwenye njia yake, kama pia ya watoto inavyosimama kwa sababu tu inazunguka, na kazi ya kuizungusha ni ya mifuo iliyo ndani ya mtutu. Kama mifuo imesokotwa polepole, risasi ndefu haitatulia hata ukiikata bunduki vipande vinne.

Kabla ya yote, pima msokoto wa mtutu wako. Hakikisha kwanza kwamba mtutu hauna baruti wala risasi, kisha uutoe kwenye mbao. Chukua mdeki, ile fimbo ndefu ya kusukuma ndani ya mtutu, wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka huru, funga kitambaa kinachobana vizuri, usukume hadi chini, halafu weka alama ya wino juu ya mdeki pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Vuta taratibu na utazame alama inavyogeuka. Ikifika robo ya mzunguko, pima ni sentimita ngapi umevuta, kisha uzidishe kwa nne.

Ukishapata jibu, lilinganishe na jibu la kanuni ya Greenhill, yule mwanahisabati Mwingereza aliyeitoa mwaka 1879. Zidisha kipenyo cha risasi kwa kipenyo chenyewe, kisha kwa 150, halafu ugawanye kwa urefu wa risasi. Jibu ni umbali ambao risasi hiyo inahitaji kukamilisha mzunguko mmoja. Kanuni hii ni ya zamani na ina ukadiriaji ndani yake, lakini kwa risasi za kasi ndogo kama zetu inatosha kabisa kuonyesha njia.

Mshindiliaji alijibu:

Ahsante sana, fundi. Nimepima mara tatu. Alama inageuka robo ya mzunguko kwa takriban sentimita 42, kwa hiyo mzunguko kamili ni milimita 1,680 hivi, karibu na inchi 66. Risasi ndefu niliyopewa ina urefu wa milimita 24. Kwa hesabu yako, 12.7 mara 12.7 mara 150, kisha kugawanya kwa 24, ninapata milimita 1,008. Je, ina maana kwamba risasi ile inadai kuzungushwa mara moja kila mita moja, na mtutu wangu unaizungusha mara moja kila mita moja na sentimita 68?

FundiTupa alijibu:

Hesabu yako ni sahihi, na rafiki yako hana kosa ila kwamba risasi yake ilitengenezewa mtutu mwingine. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa risasi ya duara. Katika mtutu wa 0.50 kwa kawaida tunatumia risasi ya inchi 0.490, yaani milimita 12.45, ili nafasi inayobaki ijazwe na kiraka. Urefu wa duara ni sawa na kipenyo chake, kwa hiyo unazidisha 12.45 kwa 150 tu na kupata milimita 1,868. Mtutu wako wa 1,680 unaitosheleza na ziada kidogo. Aliyeuchonga aliukusudia kwa risasi ya duara na kiraka, na bila shaka mifuo yake ni ya kina kirefu, robo ya milimita au zaidi, ili kitambaa kipate pa kuingia. Mitutu ya risasi ndefu huwa na mifuo mifupi zaidi kwa kina na msokoto wa haraka, kwa mfano mzunguko mmoja kwa inchi 32 au 28. Ile ya inchi 48 unayoiona kwenye bunduki nyingi za kiwandani ni maridhiano ya kati, nayo hubeba risasi zote mbili kwa kiasi.

Kwa hiyo usiendelee kuulaumu mtutu kwa risasi ambazo haukuundwa kuzibeba. Swali lililobaki ni kwa nini risasi za duara, ambazo ndizo zake, zinatawanyika sentimita 20. Hilo si la kawaida. Mtutu mzima wa aina hiyo unapaswa kuweka matundu yote ndani ya kiganja katika mita 50.

KabariMoja alijibu:

Ninaomba kutofautiana kidogo na fundi, kwa heshima. Mimi niliikata ya kwangu kutoka inchi 32 hadi 26 na sijajuta. Ninawinda kwenye vichaka vizito ambako mtutu mrefu hunasa kwenye matawi kila hatua, na mnyama huonekana kwa mita 30 au 40 tu. Baruti nyeusi huungua upesi, na sehemu kubwa ya kazi yake humalizika katika nusu ya nyuma ya mtutu, hivyo kasi iliyopungua ni ndogo na sikuona tofauti kwa mnyama. Mshindiliaji ametaja mambo matatu, na la kwanza si upuuzi kama ardhi yake inafanana na yangu.

JichoLaMwindaji alijibu:

Ndugu KabariMoja yuko sahihi kuhusu kasi, lakini kasi si hasara kubwa ya kukata. Hasara iko kwenye kulenga. Bunduki hizi hazina darubini. Tunalenga kwa kinundu cha mbele na mkato wa nyuma, na kadiri viwili hivyo vinavyokaribiana ndivyo kosa dogo la jicho linavyokua. Tuseme umbali kati yao sasa ni sentimita 70. Jicho likikosea nusu milimita tu, risasi itapotea sentimita 3.6 katika mita 50. Ukikata inchi 8, kinundu kitarudi nyuma sentimita 20 na umbali utabaki sentimita 50, basi nusu milimita ileile itakupoteza sentimita 5. Kwa mtu ambaye tayari matundu yake yametawanyika, huko ni kuongeza mzigo.

Pia uzito wa mbele una faida yake. Mtutu wa pembe nane wenye upana wa milimita 24 hupoteza zaidi ya nusu kilo ukikatwa inchi 8, na nusu kilo hiyo inatoka mahali palepale panapotuliza bunduki unapolenga ukiwa umesimama huku pumzi zikienda mbio. Nimeziona bunduki fupi zikiyumba mikononi mwa watu wazuri. Tena mdeki unaokaa chini ya mtutu, vishikizo vyake na ule ukanda wa chuma wa chini vyote vitabidi vifupishwe au vihamishwe.

Kuhusu kupanua hadi 0.54, ninaelewa kinachokuvuta. Uzito wa duara hukua kwa mchemraba wa kipenyo, kwa hiyo risasi ya inchi 0.490 ina gramu 11.5 na ya inchi 0.530 ina gramu 14.5. Umeongeza upana kwa asilimia 8 ukapata uzito zaidi kwa asilimia 26. Hiyo si faida ndogo, na wazee wa kazi hii walipotaka nguvu zaidi waliongeza upana wa risasi, si urefu wake, hasa kabla ya risasi ndefu ya Mfaransa Minié ya mwaka 1849 kuanza kubadilisha mambo.

Lakini gramu 11.5 za risasi laini isiyochanganywa na madini magumu, zikipita kwenye mapafu ya mnyama wa kilo 60 au 80 kutoka umbali wa mita 50, zinaua kwa hakika. Udhaifu wa duara ni kwamba hewa huipunguza kasi haraka mno; katika mita 100 huwa imeshapoteza zaidi ya theluthi moja ya kasi iliyoondoka nayo. Dawa yake ni kusogea karibu. Mimi nimejiwekea mpaka wa mita 60, na mnyama akiwa mbali zaidi ya hapo ninamwacha aende. Nimewahi kuuvuka mpaka huo mara moja, nikafuata damu tangu asubuhi hadi giza na nisimpate mnyama. Sitaki mwingine apitie siku ile.

Sasa, ndugu Mshindiliaji, umewahi kuviokota viraka vyako baada ya kufyatua?

Mshindiliaji alijibu:

Sikuwahi kufikiria kuviokota. Leo nimekwenda uwanjani nikafyatua mara sita, kisha nikatembea mita 10 hadi 15 mbele nikitafuta kwenye nyasi. Nimepata vitano. Vyote vimechanika, na jinsi vilivyochanika vinafanana. Katikati, pale kitambaa kinapokalia baruti, pana rangi ya moshi tu na hapajaungua. Lakini kuzunguka katikati hiyo kuna pete ya mipasuko midogo iliyonyooka, kama imekatwa kwa wembe, na nafasi kati ya mpasuko na mpasuko zinalingana. Kimoja kimekatika kabisa, kikawa duara lililotengana na ukingo wake. Kitambaa ni pamba iliyofumwa kwa kubana, nimekipaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na nta.

FundiTupa alijibu:

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na ninafurahi kwamba tumeupata kabla ya msumeno.

Kiraka kikiungua katikati, tunashuku mafuta kidogo, kitambaa chepesi au baruti iliyozidi. Kikichanika ovyo, tunashuku kutu ndani ya mtutu. Lakini mipasuko iliyonyooka, inayolingana, inayofuata idadi ya matuta yaliyo kati ya mifuo, maana yake kiraka kinakatwa wakati unaposhindilia, si wakati wa kufyatua. Kingo za mifuo pale mdomoni mwa mtutu ni kali kama zilivyotoka kwenye chombo cha kuchongea. Unapoisukuma risasi kwa nguvu ipite mdomo, kitambaa kimebanwa kati ya risasi na makali hayo, nacho kinakatika. Kisha unafyatua risasi isiyo na kiraka kizima, moshi unapita pembeni yake, na mifuo haina cha kuishika. Msokoto mzuri ulio nao haufanyi kazi yoyote.

Tiba yake ni kulainisha mdomo wa mtutu. Mtutu ukiwa mtupu na umetolewa kwenye mbao, ziba ndani kwa kitambaa chenye mafuta sentimita chache chini ya mdomo ili vumbi la msasa lisishuke. Chukua msasa laini wa chuma, ukubwa wa sarafu, uuweke juu ya mdomo, ubonyeze kwa ncha ya kidole gumba na uzungushe huku na huku. Nyama ya kidole ndiyo chombo chenyewe, kwa sababu inajipinda na kuingia kwenye kila mfuo kwa kipimo kilekile. Kila baada ya dakika moja hivi, geuza mtutu robo na uendelee, ili kidole kisiegemee upande mmoja. Anza na msasa wa namba 220, malizia na 400 au 600. Usitumie tupa wala kuchimba kwa drili ya mkono, kwa sababu mdomo ukiinama upande hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, moshi utatoka upande mmoja kwanza na kuisukuma risasi kando.

Utajua umefika pale utakapopitisha kipande cha pamba ya kunyonya mdomoni, ukikivuta nje na ndani, na kisiache hata uzi mmoja kwenye kingo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuupanua mdomo kama faneli kwa urefu wa sentimita 5, ili risasi iingie kwa kidole tu bila kigongo cha kuanzia. Mitutu mingi ya kale ilifanyiwa hivyo na ilipiga vizuri. Hata hivyo, kazi hiyo inataka chombo chake kinachofuata katikati ya mtutu, na haina njia ya kurudi. Usiifanye sasa.

Kuhusu kupanua hadi 0.54, nitasema neno moja la ufundi. Ukuta wa mtutu wako kwenye pande bapa ni kama milimita 5.6, nao ukipanuliwa utabaki kama 5.1. Hiyo peke yake haitishi. Linalotisha ni mkato wa mkia wa njiwa uliochongwa kushikia kilengeo cha nyuma, ambao hula milimita 2 au zaidi za ukuta huohuo, pamoja na nyuzi za skrubu za kizibo kinachofunga nyuma ya mtutu, mahali ambapo shinikizo la baruti ni kubwa kuliko pote. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kibali, mwenye mashine ya kuchonga mifuo mipya, na baada yake mtutu lazima ujaribiwe upya kwa mzigo wa majaribio, yaani baruti iliyozidi kipimo cha kawaida. Uingereza ina nyumba za majaribio za London na Birmingham kwa kazi hiyo, na sheria yao inauhesabu mtutu uliodhoofishwa kwa kubadilishwa kuwa haujapita majaribio tena. Kama mtutu ni wa kale, uliofuliwa kwa mkono na kuunganishwa kwa moto, mimi siugusi kabisa. Na kwa kuwa wako unatoka kwa kabari moja, kama kweli unataka 0.54 au msokoto wa risasi ndefu, tafuta mtutu wa pili uliotengenezwa hivyo tangu mwanzo, uvae mbao hiyohiyo.

KabariMoja alijibu:

Ninakubali. Mimi nilikata baada ya mtutu wangu kupiga vizuri, na nilipaswa kulisema hilo mapema. Niongeze jambo moja la sheria: soma masharti ya msimu wako kabla ya kubadilisha chochote. Mahali pengine kuna kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kwa kila mnyama, na mahali pengine, kama jimbo la Colorado nchini Marekani, darubini na vile vikombe vya plastiki vinavyobeba risasi ndogo vimekuwa vikikatazwa katika msimu wa bunduki za kushindilia. Urefu wa mtutu nao unaweza kuwa na mpaka wake katika sheria ya silaha, na ukikata bila kujua unaweza kujikuta na bunduki ambayo kibali chako hakiitambui.

Mshindiliaji alijibu:

Nimerudi na majibu. Nilikaa na msasa na kidole gumba kwa zaidi ya saa moja, na nilipoanza, pamba ilinasa kwenye kila tuta. Nilipomaliza ilipita safi. Mara ya kwanza kushindilia niliduwaa: risasi iliyokuwa ikidai nipige kigongo kwa nguvu iliingia kwa pigo moja la kiganja.

Nimefyatua mara kumi, nikipitisha kitambaa chenye unyevu ndani ya mtutu kila baada ya risasi. Viraka vyote nilivyookota ni vizima, vina msalaba wa mikunjo na alama za mifuo lakini hakuna uzi uliokatika. Matundu matano ya mwisho yamekaa ndani ya sentimita 8 katika mita 50. Tatizo lililobaki ni kwamba yote yako sentimita 10 chini ya nilipolenga.

JichoLaMwindaji alijibu:

Hongera sana, ndugu. Sasa ndipo tupa ina kazi, na ni kwenye kinundu cha mbele tu. Ukikipunguza kimo, risasi itapanda. Hesabu ni hii: sentimita 10 za kosa, mara sentimita 70 zilizo kati ya vilengeo, gawanya kwa sentimita 5,000 za umbali wa shabaha. Unapata sentimita 0.14, yaani milimita 1.4. Lakini usiziondoe zote kwa siku moja. Ondoa milimita 0.7 kwanza, fyatua tano, pima upya kwa kalipa, kisha umalizie, ukitumia baruti ileile, kiraka kilekile na mafuta yaleyale utakayokwenda nayo porini, kwani ukibadilisha kimoja mahali pa risasi hubadilika.

Na kabla ya msimu, chora alama mbili kwenye mdeki wako: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu wenye baruti na risasi iliyokaa sawasawa juu yake. Ukifika porini mikono ikiwa na baridi au haraka, tazama alama ya pili kila unaposhindilia. Risasi iliyosimama katikati ya njia, ikiwa na nafasi kati yake na baruti, inaweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua, hata uwe mzima namna gani.

Mshindiliaji alijibu:

Nimekwisha kuchora alama zote mbili kwa ncha ya kisu na kuzitia wino. Nimeondoa milimita 0.7 za kwanza, na matundu yamepanda sentimita 5 kama ulivyosema. Keshokutwa nitamalizia zilizobaki, kisha nitasogeza karatasi hadi mita 60 nione kama huo unaweza kuwa mpaka wangu pia.